Nusu ya Pili ya Muziki wa Foni

Siku yangu ya kwanza kazini nilianika vitambaa vya kupangusia juu ya antena. Niliajiriwa kufagia ofisi na kuosha frigo za chanjo, na nyuma ya nyumba niliona waya mzuri, umenyooka, umefungwa kati ya michikichi miwili. Nikasema moyoni, hawa watu wana akili, wameweka kamba ya nguo. Sikumaliza hata kitambaa cha nne, mzee mmoja akatoka mbio, kaski ya kusikilizia ingali shingoni, akasimama mbele yangu akihema.

"Mama," akaniuliza kwa adabu, "uko unakausha nini juu ya Pangi?"

Alikuwa akizungumza na kituo cha Pangi kwa foni, ile redio ya kuongelea hewani, na Pangi ikazama katikati ya sentensi. Huyo ndiye Papa Feruzi, aliyenifundisha kazi niliyoifanya mpaka mwezi uliopita. Nyinyi vijana mliobaki pale ofisini na simu zenu mfukoni hamkumkuta, naye angewacheka sana, kwa hiyo nianze naye.

Papa Feruzi alikuwa mtu wa telegrafu kwenye reli kabla ya kuja kwetu. Aliiheshimu foni kama wengine wanavyoheshimu wakwe. Asubuhi alipangusa vumbi kwenye pano ya umeme wa jua, akatazama maji ya batri, akavuta waya wa antena kwa kidole kusikia kama umelegea, ndipo akaketi. Aligundua kwamba sauti yangu nyembamba inapita katikati ya kelele za hewani kuliko sauti yake nene, akaniweka kwenye mikro kabla sijajua kifundo kimoja cha kuzungusha. "Bonyeza. Hesabu moja. Halafu sema," alinifundisha. "Muntu mwenye haraka, neno lake la kwanza linabakia ndani ya mashine. Na neno la kwanza njo jina la mugonjwa."

Ofisi yetu ya Kindu ilikuwa na kazi moja: kupeleka dawa na chanjo kwenye vituo vya afya vya mbali na kupokea habari zao. Kila kituo kilikuwa na foni. Na foni zile zilikuwa na tabia moja mbaya: ukikosea kifundo kwa unywele tu, sauti ya mtu inakuwa sauti ya bata. Bata akikuambia "sita" unasikia "tisa", na makatoni tisa ya seramu yanakwenda mahali palipoomba sita. Nimeyaona.

Aliyetuponya na bata ni Mamuzele Una, yaani Bi Una kwa Kifaransa chetu. Alikuwa muuguzi, mkubwa wetu wa chanjo, mwanamke mrefu mwenye mabaka mekundu usoni kila msimu wa joto, na Kindu ni joto mwaka mzima. Alitoka Irlande, nchi ambayo Papa Feruzi aliamini ni mtaa wa Uingereza, mpaka siku alipolisema hilo mbele yake. Hatukupewa chai siku ile.

Mamuzele Una alikuwa na violoni. Asubuhi moja, kituo cha Tunda kilipokuwa kinalia kama bata kwa mara ya kumi, aliingia chumba cha foni na violoni chini ya kidevu, akamwambia Papa Feruzi abonyeze mikro, akapiga muziki wa kwao. Akaviambia vituo vyote, "Zungusha kifundo mpaka hii iwe violoni. Ikiwa violoni, acha hapo hapo." Wakazungusha. Toka siku ile bata walikwisha.

Muziki wenyewe ulikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza inapanda, kama mtu anayepanda ukingo wa Lualaba na ndoo kichwani naye ana haraka. Nusu ya pili inashuka, inazunguka, inapanda tena kidogo, halafu ni kama inacheka. Mamuzele alipiga ya kwanza kutoka Kindu. Tunda, ambao walikuwa mbali kuliko wote na sauti yao ilikuwa nyembamba kuliko wote, walitakiwa kutujibu na ya pili, ili sisi nasi turekebishe upande wetu. Hawakuwa na violoni. Mtu wa foni wa Tunda, kijana aitwaye Ramazani, aliipiga kwa mluzi.

Alipiga vizuri. Mahali pamoja tu, katikati ya mzunguko, alikata ili avute pumzi, tena palepale kila siku. Mamuzele alimwambia mara mia avute mapema. Ramazani alijibu, "Ndiyo, Mamuzele," na kesho yake akavuta palepale.

Mamuzele alipokuwa safarini kwenye chanjo, nusu ya kwanza niliipiga mimi kwa mluzi. Mama yangu mzazi alisikia habari hiyo sokoni akaja mpaka ofisini kuuliza ni kazi gani hii inayolipa mwanamke apige mluzi. Papa Feruzi alimkalisha, akamvisha kaski, akamwacha asikilize mluzi wa Tunda ukijibu wangu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Huyu kijana ameoa?" akauliza.

Ameoa, nilimwambia. Mambo kama hayo tulishayajua. Kila asubuhi, baada ya idadi za wagonjwa, tulisalimiana: homa ya mtoto wake, paa la nyumba yetu, mpunga. Miaka ilipita hivyo, na sikuwahi kumwona uso.

Vita vilipofika karibu, wageni wote waliondolewa kwa ndege ndogo. Waliambiwa mfuko mmoja kila mtu. Mamuzele Una alibeba violoni akaacha mfuko. Alituaga kwenye uwanja wa ndege, akatushika mikono yote miwili, mimi na Papa Feruzi, akapanda. Sitaeleza mengi kuhusu miaka iliyofuata. Kila nyumba ya Kindu ina yake ya kueleza. Treni haikuja tena. Chumvi ilipimwa kwa kijiko. Tulishusha antena, tukaificha foni ndani ya gunia la mpunga, na asubuhi tu, dakika chache, tulitandaza waya juu ya paa na kuita vituo. Muziki tuliuacha. Papa Feruzi alisema hewani tukae kama watu wanaopita mtaa wa mtu mkali: kichwa chini, maneno machache.

Dawa zilikuwa bado ghalani, na watu wa baiskeli walikubali kuzisukuma mpaka Tunda kwa njia za msituni. Walikuwa wanaume wanne, na kila baiskeli ilibeba mzigo kama wa punda. Waliondoka Kindu asubuhi moja, na siku ya pili yake Tunda ikaniita.

"Kindu, Kindu, hapa Tunda."

"Tunda, nakupata. Sema."

"Tupe njia ya baiskeli. Wanapita wapi? Tutume watu wa kuwapokea."

Sauti haikuwa ya Ramazani. Nikauliza yuko wapi. Anaumwa, akaniambia, mimi ni ndugu yake. Alilijua jina langu. Alilijua jina la daktari wetu. Alijua hata kwamba baiskeli ni nne. Nilikuwa nimeshabonyeza mikro ili niitaje njia, Papa Feruzi akanishika mkono.

"Mupigie ule muziki," akaninong'oneza.

"Papa, iko vita."

"Njo maana. Mupigie."

Nikapiga nusu ya kwanza. Midomo ilikuwa imekauka, mluzi ulitoka na hewa nyingi. Nikaachia kitufe nikangoja.

"Kindu," sauti ikasema baada ya muda, "wacha michezo. Njia gani?"

Papa Feruzi alinyoosha mkono akazima foni. Mchana ule tulimtuma mpwa wake kwa mtumbwi kuwawahi watu wa baiskeli kwenye kivuko, wakageuza, wakapita njia ya mbali zaidi. Baadaye tulisikia kwamba kwenye njia ya kawaida kulikuwa na watu wenye bunduki wameketi siku tatu wakingoja.

Siku ya nne niliwasha nikiwa na hofu. Hewa ilikuwa kelele tupu. Nikapiga nusu ya kwanza bila kuita jina la kituo. Na kwa mbali, chini ya kelele, mluzi ukaanza kushuka, ukazunguka, ukakatika katikati ya mzunguko kwa ajili ya pumzi, ukaendelea. Nilimwangalia Papa Feruzi. Mzee alikuwa ameshika kaski kwa mikono miwili juu ya sikio lake, machozi yanashuka, anacheka.

"Njo yeye," akasema. "Hakuna mwingine anayepumua vibaya vile."

Kumbe waliomwendea Ramazani hawakuipata foni yake, alikuwa ameizika. Yule mwongo alitumia foni nyingine iliyonyang'anywa mahali. Toka siku ile huo ndio ulikuwa ufunguo wetu. Mimi nusu ya kwanza, yeye nusu ya pili, ndipo maneno. Kwa zaidi ya mwaka hatukupoteza mzigo hata mmoja kwa ulimi wetu. Halafu asubuhi moja nilipiga nusu ya kwanza na hakuna aliyejibu. Nilipiga kila siku kwa miezi. Vita vilipopungua, mtu mmoja aliyetoka upande ule alituambia kwamba mtu wa foni wa Tunda aliuawa. Nilikaa matanga siku tatu kwa ajili ya mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Papa Feruzi alifariki kwa uzee miaka kadhaa baadaye, kitandani mwake, baada ya kunilaumu kuhusu batri. Minara ya simu ilisimama Kindu, kisha Kibombo, na foni ikawa kitu cha kupangusa vumbi. Nilibaki nayo hata hivyo, kwa sababu mvua kubwa ikinyesha mnara unalala na foni hailali. Hilo mnalijua, mlinikimbilia mara ngapi?

Mwaka huu, nilipoambiwa tarehe yangu ya kupumzika inakaribia, Neema aliniuliza nataka nini siku ya kuagwa. Wengi mnamjua Neema, ndiye aliyechukua kiti changu. Nilimwambia sitaki kitenge wala saa ya ukutani. Nataka kuusikia ule muziki wote, nusu mbili, mara moja.

"Si uupige, Mama Zaina," akasema. "Nitakurekodi."

Nikapiga nusu ya kwanza. Nilipofika ya pili, hakuna kitu. Niliufungua mdomo ukatoka upepo. Miaka yote ile mimi kazi yangu ilikuwa kusikiliza kama ni sahihi, sikujifunza. Ningeusikia popote ningeujua, lakini kuutoa, hapana. Niliona aibu kama niliyepoteza kitu cha kuazima.

Neema aliituma nusu yangu kwenye kundi la wapiga violoni wa Irlande alilolikuta kwenye simu. Walijibu watu wema wengi, na majina waliyotupa yalikuwa mengi kuliko wao wenyewe. Mmoja alisema ni muziki fulani, wa pili akasema huyo hajui kitu, wakaanza kugombana wao kwa wao. Mwisho mmoja aliandika, na Neema akanitafsiria: miziki yetu mingi inaanza hivyo hivyo, tupeni nusu ya pili. Kuhusu Mamuzele Una, shirika lake lilikuwa limebadilisha jina na nyumba, na hakuna aliyeijua anwani yake.

Basi tukaenda Tunda, mimi na Neema, kila mmoja nyuma ya moto yake, pikipiki ya kukodi. Kibombo tulipita bila kusimama kwa sababu dereva wangu aliogopa mvua. Kwenye madaraja ya miti nilishuka nikavuka kwa miguu. Mifupa yangu haina mbadala. Tunda tulipokelewa na mama mkunga mstaafu, rika langu. Nilimuuliza kama kuna yeyote anayekumbuka mluzi wa marehemu Ramazani wa foni.

Alinitazama. "Marehemu gani?"

"Ramazani. Aliyeuawa wakati wa vita."

"Aliyeuawa ni aliyekuja kufanya foni nyuma yake, masikini, kabla hajaita hata mara moja. Ramazani alikimbia na mke wake, akaenda ukweni. Iko analima mupunga, Kibombo." Akaanza kucheka kwa kuona uso wangu. "Mumemupita njiani, mama!"

Niliketi chini pale pale. Neema alidhani nimeugua. Sikuugua, nilikuwa nahesabu ni matanga gani yale niliyokaa, na nani aliyenipikia chakula chake.

Kesho yake Kibombo walituelekeza kwenye mashamba ya bondeni. Mpunga ulikuwa umeanza kubeba, na wanawake wengi walikuwa wamesambaa ndani yake wakifukuza ndege kwa kuimba na kugonga madebe. Nilisikia kabla sijaona. Wimbo ulishuka, ukazunguka, ukakatika wote kwa pamoja katikati ya mzunguko, wakavuta pumzi, wakaendelea, ukacheka mwishoni. Ulikuwa na maneno:

*Ndege ya mudomo mwekundu, toka, toka,*
*mupunga haujaiva, rudi kesho,*
*na kesho nitakuambia kesho!*

Nilimshika Neema begani kwa nguvu mpaka akalia. "Rekodi," nilimwambia. "Rekodi, mutoto, usiulize."

Mzee mwembamba alikuwa amekaa kwenye kibanda cha kulindia, akinoa panga. Nilisimama mbele yake. Sikujua namna ya kuanza, kwa hiyo nilianza kama kazini: nikapiga nusu ya kwanza. Panga lilianguka. Aliinuka, akafungua mdomo ajibu, na haikutoka hata sauti, pumzi tu. Meno yote ya mbele hayakuwepo.

"Dada Zaina," akasema, "nimekosa meno ya kukujibu."

Tukashikana, tukacheka mpaka wanawake wakaacha ndege wale mpunga. Sauti yake ilikuwa ileile. Nilifumba macho ili niisikie, kwa sababu uso ulikuwa wa mgeni. Alinieleza kwamba alipokimbia aliambiwa ofisi yetu ya Kindu imechomwa na sisi wote ndani. Naye aliniombea dua ya marehemu. Mke wake, Mama Asha, ndiye aliyeutilia muziki ule maneno, kwa sababu mume wake aliupiga mluzi kila asubuhi bila kuacha, na alisema kama lazima ausikie kila siku, basi ufanye kazi. Shamba la jirani likauchukua, na bonde zima likafuata.

Siku ile tulikula wali wa mavuno yaliyopita na sombe ya majani ya muhogo na samaki, na Mama Asha alinikagua kwa makini. "Njo huyu wa mluzi," aliwaambia wenzake. "Nilidhani ni musichana."

Neema alituma nusu ya pili usiku huohuo mtandao uliporudi. Safari hii jibu lilikuwa moja. Mzee mpiga violoni wa pwani ya magharibi ya Irlande aliandika kwamba nusu ya pili ile, hata na pumzi yake mahali pabaya, ameisikia katika nyumba moja tu maishani, na binti wa nyumba hiyo alikwenda Kongo kutibu watu. Anakaa kwa mdogo wake sasa, barabara inayofuata. Akasema anavaa koti aende kugonga.

Siku ya kuniaga mlikuwepo, kwa hiyo mtanisahihisha nikikosea. Ramazani alikuja na Mama Asha na wanawake wanne wa bondeni, wamevaa kitenge kimoja. Neema aliweka simu juu ya katoni la seramu, na Mamuzele Una akatokea, mweupe kichwa kizima, miwani minene. Vidole vyake havishiki tena violoni, alisema, lakini Kiswahili chake cha kwetu Maniema kilikuwa bado kinatembea, kikichechemea kidogo.

Tulimuuliza kwanza jina la muziki. Miaka yote tulikuwa tunaamini ni kitu cha ibada, kwa vile tuliupiga tukiwa na hofu na tuliuheshimu kama sala.

"Unaitwa *Ng'ombe Ndani ya Kanisa*," akasema. "Babu yangu aliutunga. Ng'ombe wake aliingia misa."

Mwalimu wa kwaya aliyekaa nyuma alicheka mpaka akatolewa nje. Halafu tukampigia wote, mimi ya kwanza, bonde la Kibombo ya pili, mara mbili mbili kama alivyotuambia inavyopasa. Nyinyi mlicheza. Hata mhasibu alicheza, jambo ambalo sitalisahau.

Tulipomaliza, Mamuzele hakupiga makofi. Alisogea karibu na simu mpaka tukaona jicho moja tu. "Nilipanda ile ndege," akasema polepole, "na ghala lilikuwa limejaa. Chanjo, seramu, zote. Sikupata mtu wa kumuuliza. Zilifika?"

Ramazani alisimama, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Zilifika, Mamuzele," akasema. "Zote ambazo dada Zaina alituma, zilifika. Watoto waliodungwa zile, sasa wanaleta watoto wao kudungwa."

Mamuzele alivua miwani, akalia kidogo mbele yetu sote, akacheka, akajifuta kwa mkono wa sweta. Kisha akavaa miwani tena akatuambia kwamba ile nusu ya pili tunaikimbiza mno, ng'ombe wa babu yake hakuwa na haraka, tuanze upya. Tukaanza upya.